Alhamisi, Saa Tatu Kamili

Aliyepanga tamthilia ianze saa tatu usiku
hajawahi kukata minofu.
Hajui basi la kiwanda linapita Mabatini saa moja na nusu,
na kwamba muziki wa mwanzo ukianza kupigwa
mimi niko Igogo, buti miguuni, kisu mkononi,
sangara wa kumi na nne kalala mbele yangu
ananitolea jicho kama mtu aliyekatiziwa habari.

Marudio, wanasema, Jumamosi saa nne asubuhi.
Saa nne asubuhi nimelala, kanga usoni,
na bati la Bugarika linaanza kulia kwa jua.
Marudio ya marudio ni Jumapili, katikati ya mahubiri.
Nimejaribu hata kuugua,
tumbo la kuendesha, Alhamisi mbili mfululizo.
Ya kwanza umeme ulikatika mjane akipokea bahasha.
Ya pili walikatisha kipindi: mkutano wa hadhara, mbashara,
mpaka mwenye kipaza sauti akapoteza sauti.

Na mimi ni mlipaji.
Kifurushi nalipa, luku nalipa,
antena nimeifunga juu ya jiwe
kwa waya uleule wa kuanikia nguo,
Mashimba fundi akanitoza elfu kumi na tano
kuigeuza shingo nusu kiganja.
Kwa hela yote hiyo bado naambiwa: tutarejea hivi punde.
Sabuni. Bia. Sabuni. Bima ya maisha. Sabuni.
Punde yenu ingekuwa sato
ningeirudisha kwa muuzaji: imeoza.

Nkwabi, mtoto wa kaka yangu, akacheka.
"Shangazi, andika jina tu. Zote zipo. Mpaka mwisho."
Zote zipo!
Miezi minane napimiwa kwa kijiko
uji ulioiva zamani.

Nikanunua bando la usiku.
Saa tisa, mapumziko, chumba cha kubadilishia nguo,
nikavua glavu, nikagusa kioo.
Kioo kimya.
Barafu imenifuta alama za vidole;
hata siku ya kitambulisho walinipigisha dole mara sita
yule kijana akaniangalia kama nimeziiba sura.
Nikapuliza. Nikasugua pajani. Nikagusa tena.
Mwisho nikabonyeza kwa pua,
ikafunguka.

Usiku wa kwanza, sehemu ya hamsini na tisa.
Wa pili, duara likazunguka, likazunguka,
bando likaisha kabla halijachoka.
Wa tatu, mjane akachana bahasha saa tisa na dakika arobaini,
hakuna sabuni, hakuna hivi punde,
mimi na mabuti arobaini yaliyopangwa ukutani.
Nikasema "Uwiii!" kwa sauti kabisa.
Jokofu kubwa likaitikia ng'ooo.
Nikageuka kutafuta mtu wa kumpiga bega.
Kengele ya zamu ikalia.

Alhamisi hii nimepewa likizo.
Niko kwa Mama Bwire, watu tisa, viti vitano,
wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa
na mmoja kazama kwenye chai yangu.
Mama Bwire anaapa bahasha ina hati ya shamba.
Nyamisi anasema hapana, ni barua ya mtoto wa nje,
tena mtoto mwenyewe ni yule daktari.
Mimi najua. Nina wiki mbili najua.
Nimejaza karanga mdomoni nisiropoke.

Tangazo la sabuni linakuja na hakuna anayeguna;
ndio muda wao wa kubishana, wa kukimbia uani,
wa kumhamisha mtoto aliyesinzia,
wa kuniuliza,
"Na wewe Kabula, umekaa tu, unaonaje?"
"Tusubiri," nasema.
Mimi huyu.

Mjane anachana bahasha.
Nyumba nzima inapiga yowe.
Nami napiga,
nimechelewa kidogo.
Mama Bwire ananitazama.